PROGRAMU NI HURIA, LAKINI KAZI YETU SI YA BURE

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika karatasi yetu niseme neno juu ya jambo linaloongewa sana siku hizi katika karakana na katika nyumba za reli. Wenzetu wengine wamepokea pesa zao za mwisho wa kazi. Wengine wana watoto waliomaliza masomo ya kompyuta na sasa wamekaa nyumbani bila kibarua. Wote wanauliza swali moja: Je, tukianzisha biashara ndogo ya kutengeneza na kutunza kompyuta za watu, tutakula?

Mashauri wanayopewa ni mawili. La kwanza ni hili: “Nunua flashi, jaza Windows iliyovunjwa kufuli, itie katika kila kompyuta kwa shs. 500, na utatajirika.” La pili ni hili: “Hizo programu huria, kama Linux na LibreOffice, ni vitu vya bure, na kitu cha bure hakina pesa. Achana navyo.”

Mimi nasema mashauri haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, nayo yote ni mabaya kwa mfanya kazi. Yote mawili yadhani kwamba kinachouzwa katika biashara hii ni programu. Si kweli. Kinachouzwa ni KAZI. Mtu ambaye hajafahamu neno hili asitoe hata senti moja ya pesa zake za uzeeni kufungua duka.

Kwanza nijibu wale wa flashi. Wasema kila mtu anafanya hivyo. Hata wakiwa wengi namna gani, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Kijana anayeuza programu ya wizi ana duka ambalo laweza kufungwa siku yo yote. Hawezi kumwandikia mteja risiti ya kweli. Hawezi kuomba kazi ya shule, wala ya zahanati, wala ya chama cha akiba na mikopo, kwa sababu mkaguzi wa hesabu akiuliza karatasi ya leseni, hana. Basi anabaki kuhangaika na wateja wa shs. 500 maisha yake yote, naye aogopa kila mtu mwenye suti anayeingia mlangoni.

Tena kuna hatari kwa mteja mwenyewe. Aliyevunja kufuli ya programu ile hatumjui, wala hatujui aliacha nini ndani yake. Na mara nyingi watu wenye programu za namna hiyo huzima marekebisho yanayotoka kwa wenye kuitengeneza, kwa kuogopa kufumaniwa. Sote wa reli tukumbuke tarehe 12 Mei 2017. Siku ile kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia katika kompyuta za nchi nyingi, kikafunga kazi za watu na kudai fidia. Katika stesheni za Ujerumani vibao vya kuonyesha saa za treni viliharibika. Dawa ya ugonjwa ule ilikuwa imekwisha tolewa na Microsoft mwezi wa Machi mwaka ule ule. Walioumia ni wale ambao hawakuitia. Fundi anayemwekea mteja mashine isiyopata marekebisho ni kama mtu anayeliachia behewa njiani bila kupima breki.

Sasa niwajibu wale wa pili, wanaosema kitu cha bure hakina pesa. Hawa wamepotezwa na lugha ya Kiingereza. Wazungu wana neno moja tu kwa mambo mawili, nao wenyewe hugombana juu yake tangu zamani. Sisi tusemao Kiswahili tuna maneno mawili: tuna BURE, na tuna HURU. Programu hizi zinaitwa huria kwa sababu ya uhuru, si kwa sababu ya bei. Uhuru wenyewe ni huu: kuitumia programu kwa kazi yo yote, kuyasoma maandishi yake ya ndani, kuyabadili, na kumpa mwenzako nakala. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba fundi afanye kazi bila malipo.

Yafaa kila fundi ajue habari hii ilianzaje, maana ilianza kwa jambo ambalo sisi wa karakana tunalijua sana. Karibu mwaka 1980, katika maabara ya chuo cha MIT huko Marekani, palikuwa na mashine ya Xerox ya kupiga chapa ambayo ilikwama karatasi mara kwa mara. Mtu mmoja aitwaye Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili mashine itoe habari ikikwama. Alipomwendea mtu aliyekuwa na maandishi ya programu ile, alinyimwa, kwa kuwa yule amekwisha ahidi kuyaficha. Mwenzangu wa karakana, wewe wajua uchungu wa kupewa injini ukatazwe michoro yake. Mwenye kiwanda anakuambia, “Ikiharibika, niite mimi, na bei nitataja mimi.” Hivyo ndivyo fundi anavyofanywa mtoto mbele ya mashine yake mwenyewe.

Mwaka 1983 Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza mfumo mzima ulio huru, akauita GNU. Na sikieni jambo hili: mwaka 1985 mtu huyo huyo, baba wa programu huria, alikuwa akiuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila moja. Aliyeweza kupata nakala kwa rafiki hakulipa kitu. Aliyetaka kuandaliwa na kuletewa kanda, alilipia taabu hiyo. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki katika Finland, alianza Linux, na mwaka uliofuata ikawekwa chini ya leseni ya GNU.

Je, pesa hazikupatikana? Mwaka 1989 watu watatu wa Marekani walifungua kampuni iliyoitwa Cygnus, kazi yake kutunza programu za GNU kwa malipo. Programu yo yote waliyoitunza, mteja angaliweza kuichukua bure. Lakini mteja alitaka mtu wa kumjibu mashine inapokataa, na kwa hiyo alilipa. Kampuni nyingine, Red Hat, ilianza mwaka 1993 nayo ikakua kwa njia hiyo hiyo, hata mwaka 2019 kampuni ya IBM ikainunua kwa dola bilioni 34. Sisemi duka letu la Makongeni au la Kisumu litauzwa kwa bilioni. Nasema tu kwamba anayesema programu huria haina pesa hajui habari anayoisema.

Wala mtu asiniambie kwamba haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yake. Hapa kwetu, katika kituo cha afya cha Mosoriot upande wa Nandi, watu wa Chuo Kikuu cha Moi pamoja na wenzao wa Indiana walianza mwaka 2001 kuandika habari za wagonjwa kwa kompyuta. Kutoka katika kazi ile ya Mosoriot na Eldoret ilitoka, mwaka 2004, programu huria ya OpenMRS, ambayo sasa inatumika katika nchi nyingi. KenyaEMR ya hospitali zetu imejengwa juu yake. Mwaka 2008, baada ya machafuko ya uchaguzi, vijana wa Kenya walitengeneza Ushahidi kwa kuonyesha katika ramani mahali palipotokea maovu, na mwaka 2010 ilitumika huko Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Na majirani zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa OpenOffice katika Kiswahili mwaka 2004, wakaiita Jambo OpenOffice. Wahenga walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Na baadhi ya waundaji ni sisi wenyewe.

Iko faida nyingine ambayo mtu wa reli ataifahamu mara moja, nayo ni geji. Reli ya zamani iliyoanzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896 ni ya mita moja. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ni ya milimita 1,435. Behewa la moja halipandi nyingine. Lazima shehena ishushwe na kupakiwa tena, na anayelipia kushusha na kupakia ni mwenye mzigo. Barua na hesabu za ofisi ni hivyo hivyo. Zikiwekwa katika namna inayofunguliwa na programu ya kampuni moja tu, siku ile utakayotaka kuhama utalipa gharama ya kushusha na kupakia. LibreOffice huandika kwa kipimo kinachoitwa ODF, ambacho shirika la ISO lilikikubali mwaka 2006, na michoro yake iko wazi kwa ulimwengu wote. Mteja anayewekwa katika geji ya wazi akikukasirikia aweza kumwita fundi mwingine. Wengine wenu mtasema hiyo ni hasara yetu. Mimi nasema ndiyo heshima yetu. Tutamshika mteja kwa ubora wa kazi, na wala si kwa kumfungia mlango.

SASA TUFANYE HESABU

Hapa ndipo ninapogombana na wenzetu wengi, hata wale wanaozipenda programu huria. Mtu akisikia kwamba programu haikumgharimu kitu, naye anaona haya kutaja bei ya kazi. Anasema, “Nipe ya chai tu.” Ndugu zangu, chama chetu hakikugombea mishahara miaka yote hii ili watoto wetu wakafanye kazi kwa ya chai.

Chukueni kalamu. Tuseme mafundi ni wawili, na kila mmoja anataka mshahara wa shs. 30,000 kwa mwezi. Hizo ni shs. 60,000. Kodi ya chumba tuseme shs. 8,000. Umeme na intaneti shs. 6,000. Nauli ya kwenda kwa wateja shs. 7,000. Vyombo vya kazi na vya kubadilisha shs. 5,000. NSSF, SHA na akiba ya siku za ugonjwa shs. 6,000. Jumla ni shs. 92,000.

Mafundi wawili, kwa saa 8 kila siku na siku 22 kwa mwezi, wana saa 352. Lakini saa zote haziwezi kulipwa na mteja. Kuna saa za njiani, za kutafuta kazi, za kusoma, za kudai madeni. Tuseme nusu tu ndizo zinazolipwa, yaani saa 176. Gawanyeni shs. 92,000 kwa 176, mtapata karibu shs. 523. Kwa hesabu hii, fundi anayetoza chini ya shs. 523 kwa saa anajiibia mwenyewe, na bado hajaweka faida hata ya senti kumi. Kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe kwa kodi ya mtaa wake, lakini hesabu ni lazima ifanywe kabla ya mlango kufunguliwa.

Yule anayetia Windows ya wizi kwa shs. 500 na kutumia saa tatu, anapata karibu shs. 167 kwa saa, na juu yake hatari ya polisi. Huyo ndiye tunayeambiwa ni mfanya biashara hodari!

Na kama kuna mtu anayedhani kwamba programu huria inaweza kuishi bila mtu kulipwa, asome habari ya Aprili 2014. Programu huria ya OpenSSL, ambayo hulinda siri za watu katika intaneti, ilionekana ina kasoro kubwa iliyopewa jina la Heartbleed. Makampuni makubwa ya ulimwengu yalikuwa yakiitumia kila siku. Lakini aliyekuwa akiifanyia kazi kwa saa zote za kazi alikuwa mtu mmoja, na michango ilikuwa kama dola 2,000 tu kwa mwaka. Baada ya aibu ile ndipo matajiri wakatoa pesa. Wenye mali hawakukosa uwezo wa kulipa tangu mwanzo. Walikuwa wamezoea kula jasho la mtu kwa sababu hakudai. Jambo hili halina tofauti na yale tunayoyapiga vita katika reli.

NAMNA YA KUANZA

Wakati wa kuanza ni sasa, nitaeleza kwa nini. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inadai chombo cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na mtambo wa ndani ulio mpya, na kompyuta nyingi zilizo nzima hazina vitu hivyo. Katika shule na ofisi ndogo kuna mashine ambazo wenyewe wanaambiwa wazitupe. Mashine hizo nyingi zinakubali Linux vizuri. Ubuntu, ambayo ilianza mwaka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ina matoleo yanayopewa marekebisho kwa miaka mitano. Shule yenye mashine ishirini ikiokoa bei ya mashine ishirini mpya, haiwezi kusema haina pesa za kumlipa fundi.

Lakini fundi awe mkweli. Yafuatayo ni ya lazima:

(1) Kabla ya kugusa mashine, nakili habari zote za mteja mahali pengine, na ujaribu kuzifungua. Nakala ambayo haijajaribiwa si nakala.

(2) Usiahidi uwongo. Ziko programu za hesabu na printa nyingine ambazo hazikubali Linux. Ikiwa karani anahitaji programu ya namna hiyo, mwambie mteja aache mashine moja yenye leseni iliyolipiwa. Fundi anayelazimisha watu kwa sababu ya mapenzi yake mwenyewe atafukuzwa.

(3) Mfundishe karani. Kazi nyingi zimeharibika kwa sababu fundi aliweka programu mpya jioni, na asubuhi karani akakuta kila kitu kimehama mahali pake. Saa za kufundisha zitiwe katika bei.

(4) Andika mkataba, hata wa ukurasa mmoja: utakuja mara ngapi kwa mwezi, utajibu baada ya saa ngapi ukiitwa, utalipwa siku gani. Malipo ya kila mwezi ndiyo mshahara. Malipo ya kuitwa-itwa ni kibarua.

(5) Tunza siri. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inamhusu kila mtu anayeshika habari za watu. Majina ya wagonjwa na madeni ya wanachama si hadithi za kusimuliwa hotelini.

(6) Ukibadili programu ya watu na kuigawa, fuata leseni yake. Leseni ya GNU yataka uwape na wengine maandishi yake. Tulipewa, nasi tutoe. Asiyejua kuandika programu aweza kutoa habari ya kasoro, au kutafsiri kwa Kiswahili.

(7) Kijana wa mafunzo anayefanya kazi alipwe. Sitaki kusikia kwamba mtoto wa mwanachama wetu amefungua duka na kuwatumia watoto wa wenzake miezi sita kwa ahadi ya cheti. Tukifanya hivyo, tofauti yetu na bwana mkubwa ni ipi?

NENO KWA CHAMA CHETU

Najua wengine katika kamati watasema kwamba mambo ya maduka si kazi ya chama cha wafanya kazi. Nawauliza: mwanachama akiisha punguzwa kazini, amekoma kuwa mfanya kazi? Mwaka 2006 reli ilipokodishwa, wenzetu wengi walitoka na pesa zao mkononi, na hawakuwa na mtu wa kuwashauri. Kuwaacha watu hivyo mara ya pili ni aibu kwetu.

Kwa hiyo naleta mambo matatu yajadiliwe katika matawi. Kwanza, kompyuta za ofisi za chama zisiwe na programu hata moja ya wizi. Chama kinachodai haki hakiwezi kuandika barua za kudai haki kwa kitu kilichoibiwa. Pili, kazi ya kuzitunza mashine hizo ipewe kwanza mafundi waliotoka katika jamaa zetu, wakiwa na mkataba na wakilipwa bei kamili. Asije mtu wa kamati akasema, “Si programu ni ya bure? Basi njoo utusaidie.” Tatu, mafundi walio katika mji mmoja wakae pamoja, wakubaliane bei ya chini ambayo hakuna atakayeishuka, na wakiweza wafanye ushirika. Wakishindana kwa kushusha bei, mteja atacheka, na wote watalala njaa.

Mimi sikusoma chuo kikuu. Nilisoma shule ya msingi ya misheni, na mengine nimejifunza kwa mikono baada ya zamu. Aliye na jibu la kunipinga aniandikie humu humu, alete hesabu yake kama mimi nilivyoleta yangu. Lakini asinijie tena na neno la kwamba cha bure hakina pesa. Programu ilitolewa iwe huru. Nauli yangu, kodi ya nyumba na unga wa watoto hakuna aliyevitoa bure, na hivyo saa zangu nazo zina bei.

Ni mimi mwenzenu,

Mfanya kazi wa Karakana ya Reli,
Nairobi.